Farasi Ishirini na Nne Waliotoka Hewani

Sehemu ya Tisa

Wiki jana tulimwacha Msabah pabaya, na wiki nzima hajasogea. Yuko pale pale gerejini kwake Mtoni, mgongo umegota kwenye boneti ya gari jekundu, na shemeji yake mtarajiwa amemkaba ukosi wa shati.

"Umeniuza!" Talib alipiga kelele. "Umeniuza kwa Usi, Msabah! Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi!"

"Talib, niachie nizungumze."

"Uzungumze nini? Karatasi ishazungumza!"

Karatasi ilikuwa mezani, bado ina joto la printa. Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, habari yenyewe fupi. Talib ana gari la michezo analolipenda kuliko chakula, amelipa jina Kozi. Jumapili Kozi anatakiwa akimbie Kiwengwa, katika daraja la magari yasiyozidi nguvu za farasi mia tatu. Ukizidi hata kwa farasi mmoja kilema, unatolewa, na dereva hafungi mkanda wa mashindano mwaka mzima. Usi, mpinzani wa Talib wa miaka yote, angefurahi hata kwa nusu ya msiba huo.

Msabah ndiye fundi aliyeichezea injini ya Kozi mpaka ikakaa sawa. Jana yake alimpandisha Kozi juu ya dayno, ile mashine ambayo gari hufungwa mikanda na kukimbia papo hapo juu ya magurudumu ya chuma bila kusogea hatua. Mashine ikasema: farasi mia mbili tisini na sita. Msabah akalala usingizi wa mtoto. Leo, mbele ya mkaguzi wa mashindano, mashine ile ile na gari lile lile, ikasema mia tatu na ishirini.

Na lau Talib angekuwa mteja tu, shati lingeraruka na mambo yakaisha. Talib ni kaka yake Nadra. Baba yao keshafariki, na yeye ndiye walii, msimamizi wa ndoa. Kesho Ijumaa ndiye atakayeshika mkono wa Msabah msikitini amuozeshe dada yake. Mkono huo ndio uliokuwa kwenye ukosi.

"Dada yangu simuozi kwa msaliti," Talib alisema, na safari hii alisema taratibu, jambo lililomtisha Msabah kuliko kelele zote. "Nikah hakuna."

Miaka minne ya kumsubiri Nadra, na neno moja tu.

"Muachie," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Bi Rukaiya, mkaguzi mwenyewe, mama wa makamo aliyevaa buibui na raba za kukimbilia, ambaye amepima magari mengi kuliko ndevu zote za mafundi wa mjini. Aliingia katikati yao kama anayepita jikoni kwake. Talib akaachia.

"Kukabana hakupunguzi farasi," alisema Bi Rukaiya. "Msabah, nnakujua tangu unafagia gereji za watu. Nnakwenda kusali adhuhuri hapo ndani kwa mama yako. Nikirudi, nambie hawa ishirini na nne wa ziada wametoka wapi. Jawabu likiniingia akilini, tunapima tena. Lisiponiingia, naandika nlichokiona."

"Na mimi sitoki," alisema Talib. Alivuta tairi kuukuu, akalikalia, akajimiminia kahawa. "Gusa kitu chochote, nikuone."

Mlango wa uani ulifungwa. Walibaki wawili, na Kozi katikati yao amefungwa mikanda mithili ya ng'ombe wa kafara.

Msabah alianza na lililo jepesi. Mtu akitaka kuongeza farasi kwa siri, huongeza upepo wa turbo. Alifungua kompyuta, akatazama rekodi ya upepo. Ya jana na ya leo zilikuwa pacha. Akatazama mafuta, yamemwagika katika injini kwa kipimo kile kile. Akainama kutazama matairi, mikanda, rola. Hakuna kilichoguswa.

Tena kulikuwa na jambo lililomkera tangu mwanzo. Msabah husoma injini kwa sikio kabla ya kuisoma kwa macho. Asubuhi, alipomkanyagia Kozi mafuta mpaka mwisho, sikio lake lilimwambia kuwa huyu ni Kozi wa jana, hana pumzi moja zaidi. Karatasi ikambishia.

"Usi kakuahidi nini?" Talib aliuliza.

"Usi hata salamu hanipi."

"Ulikwenda Kendwa juzi. Usi yuko Kendwa."

"Nlikwenda kuchukua kitambaa cha harusi yangu, Talib! Shemeji gani wewe? Kwani hukunituma mwenyewe?"

Talib hakujibu. Msabah aligeuka kumtazama. Talib alikuwa amekodoa macho ukutani, kikombe kimeinama mkononi, kahawa inammwagikia suruali na wala hashtuki.

"Talib?"

Kimya.

"Talib, unajiunguza!"

Talib alipepesa macho, akaitazama suruali yake kama ya mtu mwingine. "Hasira," alisema. "Umenitia hasira mpaka sijijui. Endelea na kazi yako."

Msabah aliendelea. Na wewe msomaji, kikombe hicho kiweke pembeni, usikitupe.

Alizitandaza karatasi mbili juu ya boneti, ya jana na ya leo. Kila moja ina mstari unaopanda mlima, kuonyesha nguvu za gari zinavyokua kadiri injini inavyozidi kuzunguka. Watu wengi hutazama kilele tu, wakapiga makofi au wakagombana. Fundi hutazama mlima mzima.

Turbo ni mvivu wa asubuhi. Haamki mpaka injini izunguke sana. Kwa hiyo mtu akiongeza upepo wake, mstari utabaki pale pale chini, kisha uchupe juu turbo akishaamka. Mstari wa leo haukufanya hivyo. Ulikuwa umeinuka tangu bondeni, turbo bado yuko kitandani. Msabah alishika kalamu. Palipokuwa mia moja jana, leo mia moja na nane. Palipokuwa mia mbili, leo mia mbili na kumi na sita. Mpaka kileleni, fungu lile lile.

Injini haiongezeki hivyo. Hivyo huongezeka hesabu, mtu anapoizidisha yote kwa namba moja.

"Gari halijaguswa," alisema Msabah. "Talib, gari halijaguswa! Mashine ndiyo iliyozidisha!"

"Ah, sasa mashine ina kosa. Kesho utanambia bahari ina kosa."

Lakini Msabah alikuwa keshashuka na kidole mpaka kona ya chini ya karatasi, pale panapoandikwa hali ya hewa ya chumba, mahali ambapo hakuna mtu anayepatazama. Jana: nyuzi thelathini na moja. Leo: sabini na tano.

Sabini na tano! Chumba chenye hewa ya nyuzi sabini na tano hakikai watu, kinakaa mkate.

Hapa nikueleze kidogo kisha nikuache twende. Hewa ya moto ni nyepesi, injini ikiivuta haishibi, na gari hupoteza nguvu. Basi waliotengeneza dayno wakaitia huruma. Ina kidude kama pua kilichoning'inizwa ukutani kwa waya, kinanusa joto la chumba. Kikiona joto kali, mashine hujisemea: maskini, gari hili limepimwa motoni, na ikaliongezea farasi wa kulipoza moyo. Leo pua iliona moto. Moto gani?

Msabah alinyanyua uso. Pua ilikuwa mahali pake, kwenye ukuta wa nyuma. Chini yake kuna rafu ya makopo ya oili. Na kutoka nyuma ya makopo, kwa kutazama sana, ulikuwa unapanda uzi mwembamba wa moshi.

Udi. Gereji nzima ilikuwa inanukia udi tangu asubuhi, na hakuna aliyejiuliza, kwa kuwa kila Alhamisi mama yake, Bi Ummukulthum, hupita na chetezo akaifukiza gereji kuanzia mlangoni mpaka chooni, kuwakinga na jicho la watu. Mama! Ni mama, na baraka zake! Msabah alitaka kucheka mpaka akae chini. Alipenyeza mkono nyuma ya makopo kukitoa chetezo.

Hakikuwa cha mama.

Chetezo cha mama yake ni cha udongo, kikubwa kama kichwa cha mtu. Hiki kilikuwa kidogo, cha shaba, na mkono wake uliovunjika ulikuwa umefungwa kwa waya mwekundu wa umeme. Aliufunga yeye Msabah, kwa mikono yake, Idi iliyopita. Kilikuwa chetezo cha Nadra.

Sasa fahamu uzito wa jambo. Nadra ni bi harusi wa kesho. Yuko ndani, na ndani kwenyewe ni ndani: ana somo wake wa kumfunda, anasingwa mwili kwa manjano na liwa, haonekani hata dirishani. Bi harusi aliyetoka akaingia katika gereji ya bwana harusi, siku moja kabla ya nikah! Watu wa Mtoni wangekula habari hiyo mpaka mfungo. Na Talib, mtu wa moto, mwenye jina la baba yake begani, angefanya nini?

Msabah akisema kweli, anamwanika Nadra. Akinyamaza, ni msaliti. Kwa njia zote mbili nikah inapeperuka.

"Umeona nini huko?" Talib alikuwa keshainuka.

Msabah hakufikiri. Alikikamata chetezo kwa mkono mtupu, makaa yakamuunguza mpaka machozi, akakisukumia kwenye ndoo tupu na kutupa kitambara juu.

"Hakuna kitu."

"Mkono una nini?"

"Ekzosi imeniunguza."

Talib alimtazama, kisha akamtazama Kozi. "Gari limezimwa tangu wakati ule. Ekzosi ishapoa. Imekuunguzaje?"

Njia ya mwongo fupi, na ya Msabah haikufika hata mlangoni. Mlango wa uani ukafunguliwa. Bi Rukaiya alirudi, na nyuma yake Bi Ummukulthum, kanga begani, tasbihi mkononi.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Rukaiya. "Nnakusikiliza."

Msabah alimwonyesha karatasi. Alimwonyesha mlima wa jana na wa leo, namna mmoja ulivyozidishwa ukawa mwingine. Bi Rukaiya alivaa miwani. Alipiga hesabu mwenyewe, mara mbili, midomo ikitikisika. Halafu akaitazama kona ya chini.

"Sabini na tano," alisema. "Na mimi nimetia saini bila kuitazama kona hii. Kosa langu hilo, na ntaliandika." Alivua miwani. "Lakini pua haipati moto kwa miujiza. Imepashwa na nini?"

Msabah alianza kuzikusanya karatasi.

"Nnakuuliza, Msabah. Kama kuna mtu kaipasha kusudi, huo ni udanganyifu, na kwa mashine yako halipimwi tena gari. Imepashwa na nini?"

Msabah aliona mdomo wa Talib unakunjamana. Akaona miguu ya Talib inakwenda kwenye ndoo.

"Talib, usi..."

Kitambara kilivutwa. Talib aliinama, akakitoa chetezo kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga. Makaa yalikuwa bado yana uhai. Jicho lake lilitua kwenye waya mwekundu.

"Hiki," alisema polepole. "Hiki mbona..."

"Changu!" alisema Bi Ummukulthum.

Wote waligeuka.

"Changu kwa leo," aliendelea mama, tasbihi haijasita kidoleni. "Nimekiazima kwenu juzi, Talib. Changu kimepasuka. Nimefukiza humu asubuhi, nikakiweka kwenye rafu nisije nikakipiga teke. Kwani pana nini? Mmeuana kwa chetezo?"

Msabah alimtazama mama yake. Mwanamke huyu hajapata kumdanganya hata muuza samaki. Na chetezo cha udongo, kizima kama siku kilipotoka tanuri, kilikuwa jikoni kwake. Msabah amekiona alfajiri.

Talib alitazama chetezo, akamtazama mama, akatazama karatasi. Uso wake ukaanza kufunguka kidogo kidogo. "Chetezo," alisema. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyetolewa kitanzini. "Yakhe, chetezo! Mie nshataka kukuua!"

"Tupime," alisema Bi Rukaiya. Yeye hakucheka.

Chetezo kilitolewa uani. Makopo yalihamishwa. Bi Rukaiya alisimama mwenyewe chini ya pua, akaipepea kwa gazeti mpaka namba kwenye skrini iliposhuka ikatulia thelathini na mbili. Msabah aliingia ndani ya Kozi, mkono ulioungua umefungwa kipande cha kanga ya mama, akawasha.

Injini ilinguruma. Akapanda gia mpaka ya kupimia, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni. Rola zikalia, mabati ya paa yakatetemeka, upepo wa feni kubwa ukampeperusha Bi Ummukulthum kanga. Msabah hakuitazama skrini. Alifumba macho akasikiliza. Kozi alipanda, turbo akaamka, akapanda zaidi, akafika juu kabisa na kuimba kwa sauti moja. Ni wewe, Msabah alisema moyoni. Ni wewe yule yule.

Aliachia mafuta. Kimya kilipoingia, printa ndiyo iliyosikika.

Bi Rukaiya aliivuta karatasi. Safari hii alianza na kona ya chini. Kisha akapanda kileleni.

"Mia mbili tisini na sita."

Talib alimvuta Msabah kutoka kitini kabla hajafungua mkanda vizuri, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. Alikuwa analia, na wala hakujificha. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu. Kesho nikah pale pale. Baada ya sala tu. Nambie umenisamehe."

"Nimekusamehe."

Bi Rukaiya aligonga boneti kwa lakiri yake, muhuri wa gari lililopita ukaguzi, na mikanda ikafunguliwa. Talib alizunguka gari akilipapasa. Hadithi ingekuwa imekwisha hapa, na mimi ningepumzika, kama Msabah angekuwa mtu wa kuridhika na namba ya kileleni. Lakini yeye hutazama mlima mzima.

Alimvuta mama yake pembeni. "Mama. Kweli yako."

Bi Ummukulthum alishusha sauti. "Alikuja asubuhi ulipotoka kumpokea mkaguzi getini. Kajifunika mpaka macho. Kaniambia, mama, nifungulie mlango wa uani nifukize gari la kaka yangu, nina hofu nalo. Nikaona mapenzi ya ndugu. Nikamfungulia, akarudi mbio. Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Mimi ndiye kata, na nshanyamaza."

Afukize gari. Msabah aliligeuza neno hilo. Ukitaka kufukiza gari, chetezo unakizungusha kwenye gari, unakiweka chini ya gari. Kozi alikuwa upande huu wa chumba. Rafu iko upande ule. Na nyuma ya makopo! Nani anaufichia udi nyuma ya makopo?

Hapo ndipo ilipomjia. Usiku mmoja kwenye simu, katika yale maneno ya wachumba yasiyo na kichwa wala miguu, Nadra alimuuliza kazi yake inakuwaje. Na yeye, kwa kujitia hodari, akamweleza dayno yote, mpaka pua. "Mashine hii mjinga tu," alimwambia akicheka. "Iwekee kaa la moto chini ya pua yake, itakwambia punda wa mkokoteni ana nguvu za farasi mia."

Kaa la moto chini ya pua yake. Neno kwa neno.

Hakuteleza. Nadra alikiweka pale akijua. Alitaka Kozi akataliwe, na alijua nani atabebeshwa lawama. Jambo hilo lilikuwa chungu kuliko kuungua mkono. Mwanamke aliyemsubiri miaka minne amemchomea jina lake kwa udi.

"Gari lisitoke!"

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Nadra alisimama pale, buibui limekaa upande kwa mbio, viganja vimekolea manjano ya singo. Alikuwa anatweta. Kwao si mbali, na ngurumo ya pili ya Kozi alikuwa ameisikia.

Talib aligeuka, ufunguo mkononi. "Nadra? Umetokaje ndani? Una wazimu?"

"Chetezo nimekiweka mimi."

"Rudi nyumbani."

"Nimekiweka mimi, makusudi, Bi Rukaiya asikie. Nlitaka gari likataliwe."

Bi Rukaiya aliitia lakiri yake mfukoni.

"Na mimi je?" Msabah alijisikia akisema. "Mimi, Nadra? Ungeniacha niitwe msaliti mbele ya watu?"

Nadra alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu ya siku nyingi. "Wewe ningekuomba radhi maisha yangu yote," alisema. "Yeye akifa, nimuombe radhi nani?"

Nadra alimgeukia kaka yake.

"Kaka Talib. Sema wewe, au nseme mimi?"

"Uliapa," alisema Talib. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Uliapa kwa msahafu, Nadra."

"Nliapa. Kiapo ntakitolea kafara." Aliwageukia wengine. "Anazimika. Haanguki. Hukaa macho wazi, ukimwita hakusikii. Mara ya kwanza alikuwa ngazini. Mara ya pili anakunywa chai, kikombe kikammwagikia mapajani wala hajui. Daktari kamwambia asiendeshe hata baiskeli. Kaniapisha nisimwambie kiumbe. Na Jumapili anataka kwenda kukimbia Kiwengwa na farasi mia tatu chini ya mguu wake!"

Kikombe. Msabah aliitazama suruali ya Talib. Doa la kahawa lilikuwa halijakauka.

"Talib," alisema. "Nimekuona. Ulipokuwa umekaa pale kwenye tairi. Nimekuita hukusikia."

"Hasira tu."

"Talib, ni kweli?" aliuliza Bi Rukaiya. "Kama ni kweli, nipe ufunguo. Sikuulizi tena."

Talib aliwatazama mmoja mmoja, mama, mkaguzi, dada, rafiki. Kwa kitambo alionekana kama atauweka ufunguo kwenye kiganja cha Bi Rukaiya kilichokuwa kimenyooshwa. Halafu akatabasamu, tabasamu la mtu anayewahurumia watu wote.

"Bi harusi akifungiwa ndani sana huota ndoto," alisema. "Nnampeleka Kozi Bububu na kurudi. Nikirudi mzima, mtanitaka radhi nyote."

Alikuwa keshaingia garini. Mlango ulibamizwa. Msabah aliruka, akashika kitasa kwa mkono ulioungua, kanga ikafunguka, ngozi ikasalia kwenye chuma. "Talib, toka! Toka nakwambia! Harusi sitaki, gari sitaki, toka wewe!"

Kioo kilishuka kidogo. "Kesho ntakushika mkono nikuozeshe," alisema Talib kwa upole. "Leo niachie kitu changu."

Kozi aliruka kutoka juu ya rola, akapita getini kwa vumbi na kokoto, akaingia barabarani. Nadra alipiga ukelele mmoja akakaa chini.

Msabah alisimama mlangoni. Gari lilikuwa limeshajificha nyuma ya miembe na kuta za zamani, lakini sikio lake lilikuwa nalo. Gia ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Talib anaendesha vizuri, alijiambia, huenda binti kaogopa tu. Ya tatu. Injini ilipanda, turbo akaamka, mlima ule ule alioujua kwa kila futi yake. Ikafika kileleni, pale ambapo dereva mwenye akili zake lazima abadilishe gia.

Haikubadilishwa.

Msabah alisubiri. Injini ilikuwa inalia kwa sauti moja, juu kabisa, bila kupanda wala kushuka, kama inavyolia juu ya dayno mtu anapouacha mguu wake wote kwenye mafuta.

"Talib," alisema, na akaanza kukimbia.